Kiingereza Nilifunzwa na Fisi

Januari 2025, mtoto mmoja wa Grade 7 hapa Makongeni aliniletea daftari lake la insha za Kiingereza likiwa limejaa wino mwekundu. Kumi na mbili kwa arobaini. Kichwa kilikuwa kile cha kila mwaka, siku ambayo sitaisahau, na yeye alikuwa ameandika kuhusu chuma kilichoanguka kutoka angani. Chini kabisa mwalimu alimwandikia kwamba ametoka nje ya mada, hajatumia misemo, na arudie kazi yote.

Nje ya mada. Wacha niwaambie mada ilikuwa gani.

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzani wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua, likasema ni sehemu ya roketi, ile pete ambayo huachilia kipande kimoja cha roketi kikishamaliza kazi yake. Hakuna aliyeumia. Sasa huyu mtoto shosho yake anaishi Makueni. Usiku ule hakuuliza kuhusu Krismasi iliyopita wala mwaka mpya unaokuja. Aliuliza swali moja tu: je, kuna ingine inakuja?

Mimi nilikuwa mwalimu wake wa tuisheni, soo mbili kwa kipindi, tangu Septemba. Kwa miezi minne sikuwahi kumwona akimaliza aya mbili za Kiingereza bila kupiga miayo. Wiki ile nilimpa simu yangu na bando. Alisoma habari tano kuhusu ile pete, zote kwa Kiingereza, neno kwa neno, kidole kikiwa kwenye kioo. Akaniuliza "debris" ni nini. Akaniuliza kwa nini wanasema "burn up" na si "burn" peke yake. Akaniuliza tofauti ya "most" na "almost", kwa sababu alikuwa amesoma kwamba vyuma vingi huteketea kabla ya kufika chini na alitaka kujua hilo neno linamwahidi shosho yake kitu gani hasa.

Ndani ya insha yake kulikuwa na sentensi hii: "The ring was not heavy in space but it was heavy in Mukuku." Haikuwa nzito kule juu, lakini Mukuku ilikuwa nzito. Mwalimu aliipigia mstari mara mbili. Mimi nimeandika miaka minne sasa, kwa pesa kidogo na kwa bure, na sijawahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo.

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya, unajua alichotakiwa kuandika. Jua lichomoze mashariki kama mpira wa moto. Ndege waimbe kwenye miti ambayo mtaa wake hauna. Aamke akiwa buheri wa afya, aoge chapchap, apige mswaki, ashuke kwa staftahi ya mayai na soseji katika nyumba ambayo asubuhi huwa kuna chai ya rangi na mkate wa jana. Halafu kisa chenyewe kiingie kwenye aya ya mwisho kikiwa kimechoka. Tulikuwa na daftari maalum za hiyo misemo. Tuliikariri kama orodha ya vitu vya duka. Insha ya Kiswahili ilikuwa vivyo hivyo, kwa hiyo nisije nikasemwa nachukia Kiingereza tu. Lakini Kiswahili tulikuwa nacho nje ya darasa, barabarani, kwa matatu, kwa uwanja. Kiingereza wengi wetu tulikutana nacho darasani pekee, na huko tulikikuta kimevaa suti ya kukodi.

Mimi Kiingereza changu sikukipata huko. Nilikipata kwa fisi.

Nilikuwa na miaka kumi. Mamangu alinunua kitabu cha mitumba pale Thika mjini, kitabu kikubwa cha picha, jalada limetoka, nusu ya kwanza wanyama na nusu ya pili sayari. Hakujua kilichomo. Alikinunua kwa sababu kilikuwa kikubwa na muuzaji alikubali kupunguza bei. Kurasa za Mshtarii zilikuwa zimeng'olewa na mtoto fulani kabla yangu, na hadi leo Mshtarii naijua kwa shida.

Kwenye ukurasa wa fisi madoa kulikuwa na sentensi iliyoanza na neno "although". Ilisema ingawa watu humwona fisi kama mwizi wa mizoga, chakula chake kingi amewinda mwenyewe. Nilisoma mara tatu. Nilidhani nimekosea Kiingereza, kwa sababu fisi niliyemjua mimi ni yule wa hadithi, mlafi na mjinga, aliyesikia harufu ya nyama kwa njia mbili, akataka kufuata zote, akapasuka katikati. Sasa kitabu kinaniambia nini? Nikaenda kumuuliza mwalimu maana ya "although". Akasema ni kiunganishi. Asante sana.

Ilibidi nimalize ukurasa mzima ili nielewe neno moja. Nikakuta kuna mtu anaitwa Hans Kruuk aliyekaa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 akifuata fisi usiku. Watalii walikuwa wakija asubuhi, wanakuta simba anakula na fisi wamezunguka wakingoja, wanasema aha, fisi anangoja makombo ya mfalme. Kruuk alikuwa ameamka mapema zaidi yao, au tuseme hakulala. Kule Ngorongoro aliona mara nyingi fisi ndio walioangusha yule mnyama usiku, halafu simba akaja akawanyang'anya. Kitabu chake kilitoka 1972. Na jike ndiye mkubwa kwa fisi, kwa mwili na kwa cheo. Na kile kicheko tunachokiogopa si furaha. Mara nyingi hucheka yule anayefukuzwa au kung'atwa na wenzake.

Nikaelewa "although". Sikuelewa kama kiunganishi. Nilielewa kwamba ni neno la mtu anayekwambia ulidanganywa, lakini kwa adabu.

Na hapo ndipo mimi nagombana na kila bango la "Spoken English siku 30" lililobandikwa kwenye milingoti ya stima kutoka Makongeni hadi Ruiru. Wanauza lugha kama kwamba ni mdomo. Wanakufundisha kutamka, kusalimia, kujitambulisha kwa mahojiano ya kazi ambayo haipo. Mtoto anatoka hapo anaweza kusema yeye ni mchapakazi na hupenda kushirikiana na wenzake. Muulize swali la pili, amekwisha. Amefundishwa kugonga mlango, hajawahi kuonyeshwa kuna nini ndani.

Wanyama na nyota zinafundisha vipi? Mimi si mwalimu wa kusomea, mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na kuna watu hapa mtaani hunikumbusha hilo kila nikifungua mdomo kuhusu elimu. Lakini nimekaa na watoto kama kumi na tano na nimeona.

Kwanza, ukisoma kuhusu kitu kilichopo kweli, ukikosea lugha kile kitu kinakukosoa. Mtoto akisoma "hunts" akafikiri ni wengi kwa sababu kuna "s", picha inamwonyesha jike mmoja. Hiyo "s" ya Kiingereza imewatoa watoto machozi Kenya nzima. Mimi ilinikaa kichwani kwa sababu simba jike mmoja "hunts" na wakiwa wengi "hunt", na kwenye kile kitabu ilikuwa muhimu kujua yuko peke yake au wako wengi, maana akiwa peke yake pundamilia ana nafasi.

Halafu kuna zile sentensi za masharti, zile za "if". Darasani tulipewa mfano wa mtu ambaye kama angekuwa tajiri angenunua gari. Tukaandika mara ishirini. Hakuna aliyeshika, kwa sababu hakuna aliyeamini. Sasa soma hii kwenye kurasa za jua: kama jua lingezimika sasa hivi, tungeendelea kuliona liking'aa kwa dakika nane, kwa sababu mwanga wake huchukua muda huo kutufikia. Nilipoisoma kwa Kiingereza nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza. Nilihesabu dakika nane kwa saa ya ukutani. Yaani huyu jua ninayemwona huenda ameshakufa? "If", "disappeared", "would": yale maneno matatu nilikuwa nimeyakosa kila mtihani, na tangu ile jioni sijayakosa tena. Watoto wangu wote wa tuisheni nimewapa hiyo sentensi. Kila mmoja hutoka nje kwanza kuangalia juu.

Hiyo ndiyo hoja yangu upande wa Kiingereza: mtoto hujifunza lugha akiwa na haja ya kitu kilichofichwa ndani yake. Ukimpa misemo bila kitu, atakariri misemo. Ukimpa aibu, atanyamaza. Sisi Kenya tumejaribu aibu kwa muda mrefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, mtu wa kaunti hii hii yetu ya Kiambu, alieleza katika Decolonising the Mind jinsi mtoto aliyeshikwa akizungumza Gĩkũyũ shuleni alivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kinachomwita mjinga au punda. Kitabu kilitoka 1986, kikieleza mambo ya miaka ya 1950. Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya hapo na disk niliivaa. Ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, na mtu uliyemshika akiongea Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili ndiye uliyemvisha. Tulijifunza kunong'ona na kusalitiana. Kiingereza hatukujifunza.

Lakini Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025 na ambaye namheshimu kuliko karibu kila mwandishi wa nchi hii, alisema kwenye kitabu hicho kwamba anaaga Kiingereza. Mimi siagi. Siwezi kumwaga fisi wangu. Kuna vijana wenzangu wanaoandika Kiswahili ambao wakisikia mtu anasifia kusoma Kiingereza wanamwona msaliti. Nawaambia hivi: yule mtoto alitaka kujua kama shosho yake yuko salama, na jibu lilikuwa kwa Kiingereza. Mngemwambia angoje?

Na hapa ndipo hasira yangu inageuka, kwa sababu lile swali linarudi kwetu. Kwa nini jibu lilikuwa kwa Kiingereza peke yake?

Fikiria jambo hili. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Waitaliano waliirusha, Wamarekani wa NASA ndio wenyewe. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutazama miale ya eksirei kutoka anga nzima. Ilipata vyanzo zaidi ya 300, na ilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeongoza sayansi yake alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hiyo setilaiti iliitwaje? Uhuru. Jina letu, pwani yetu, sikukuu yetu. Sasa nenda kokote hapa Thika utafute kitabu cha Kiswahili cha mtoto wa miaka kumi na mbili kinachomweleza Uhuru iliona nini. Ukikipata niletee, chai na chapo ziko juu yangu.

Twende kwa wanyama. Wildlife Clubs of Kenya, chama cha wanafunzi kilichoanza 1968, kina jarida linaitwa Komba. East African Wild Life Society ina jarida linaitwa Swara. Majarida mazuri, nimejifunza mengi humo. Binamu yangu alikuwa akiniletea Komba kutoka shule yao ya upili na niliyasoma hadi yakachakaa. Jina juu ya jalada ni Kiswahili. Fungua ndani, Kiingereza. Aprili 2023 tukarusha Taifa-1 kwa roketi ya SpaceX kutoka California, na kampuni ya Kenya iliyohusika kuitengeneza inaitwa SayariLabs. Taifa. Sayari. Hata kwenye sinema: Simba, Rafiki, na yule afisa wa mawasiliano wa Star Trek, Nyota Uhura. Dunia nzima imekuja kwetu kuazima majina ya wanyama na ya vyombo vya anga. Majina tumetoa, na yale yaliyoandikwa chini ya majina tumewaachia wengine waandike.

Simama hapa Makongeni asubuhi isiyo na ukungu, upande wa barabara ya Garissa, utaona ule mlima. Ramani inauita Ol Donyo Sabuk. Sisi tunauita Kilimambogo, mlima wa mbogo, na mbogo wako huko kweli, ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1967. Jina lenyewe ni somo la wanyama. Watoto wangu wote wanaujua mlima. Nilipowauliza mbogo ni nini, mmoja alisema ni mboga kubwa. Nilipowaambia "buffalo", wote wakasema aaah.

Nilicheka. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe "oryx" niliijua miaka mingi kabla sijajua inaitwa choroa.

Sasa niwaambie kuhusu shosho.

Februari alikuja Thika, kliniki ya macho. Mamake yule mtoto alikuwa tayari ameniita kando kuhusu ile insha. Alisema kwa upole, "Mwalimu, mimi nakulipa mtoto aongee Kiingereza kizuri. Hayo mambo ya vyuma atasoma akifika chuo." Sikumjibu. Yeye hulipia shule na tuisheni kwa kuuza nguo, anaamka saa kumi, na amewekewa mbele yake dunia ambamo alama za insha ndizo mlango. Sina haki ya kumcheka. Tulikubaliana nimalizie mwezi kwa misemo.

Siku hiyo nilimkuta shosho ameketi kwenye kochi, jicho moja limefungwa bandeji. Akamuuliza mjukuu wake, kwa Kiswahili, kwa sababu Kikamba cha mtoto ni cha salamu tu: "Niambie wewe msomi. Kile chuma kilitoka wapi?"

Mtoto akang'aa. Akasema, "Shosho, ilikuwa kwa orbit, alafu orbit ikaanza ku-decay, ikafanya re-entry."

Shosho akangoja. Akasema, "Nimesikia 'ilikuwa' na 'ikaanza' na 'ikafanya'. Hayo mengine?"

Mtoto akanigeukia mimi. Mimi, mwandishi wa Kiswahili, mtu ambaye huandika kwenye kurasa hizi hizi kuhusu ukombozi wa lugha. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ni kama… mzunguko wa… yaani chombo kikiwa kwenye obiti…" Nikanyamaza. Nilijua kila kitu kuhusu jambo hilo na sikuwa na sentensi moja ya kumpa mama wa watu. Nimewahi kufeli mitihani, niliwahi kuitwa ofisini nikaambiwa jina langu limeondolewa kwa sababu ya karo. Sikuwahi kuona aibu kama ile.

Shosho ndiye aliyetuokoa. Akasema, "Anza na jiwe. Ukirusha jiwe linafanya nini?"

"Linaanguka," mtoto akasema.

"Ukilirusha kwa nguvu?"

"Linaanguka mbali." Halafu akasimama. Niliona kitu kikimjia usoni. "Sasa shosho, lirushe kutoka juu ya Kilimambogo. Kwa nguvu hadi lianguke Makueni. Ongeza nguvu, lianguke Mombasa. Ongeza tena. Dunia ni mviringo, si ndiyo? Kwa hivyo jiwe likienda kwa kasi sana, linaanguka, lakini na ardhi nayo inapinda inashuka. Linaanguka, ardhi inashuka. Linaanguka, ardhi inashuka. Linazunguka dunia yote likianguka na halifiki chini."

"Kila siku linaanguka na halifiki?"

"Eeh. Hiyo ndiyo orbit."

"Na letu la Mukuku lilifika kwa nini?"

"Kule juu kuna hewa kidogo sana bado. Inalikwaruza. Linapunguza kasi pole pole, linashuka, mpaka hewa inakuwa nyingi."

Shosho akafikiria. Mama alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, na nilisikia mwiko umesimama.

"Basi lilichoka kukosa," shosho akasema.

Miaka yangu yote ya kusoma kuhusu anga sijasikia mtu akieleza "orbital decay" vizuri namna hiyo, na hilo neno silitafsiri, kaa nalo tu. Mfano wa jiwe na mlima si wa mtoto wala wa shosho peke yao. Isaac Newton alitumia karibu huo huo, mzinga juu ya mlima mrefu, kueleza kwa nini mwezi hauanguki. Na Newton Principia yake ya 1687 hakuiandika kwa Kiingereza. Aliiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wakati huo. Opticks, kitabu chake cha mwanga, ndicho kilichotoka kwa Kiingereza, 1704. Kwa hiyo mtu akiniambia Kiswahili hakina maneno ya sayansi, mimi namuuliza Kiingereza kiliyatoa wapi. Kiliazima. "Impala" walichukua kwa Wazulu, "wildebeest" kwa Makaburu, Aldebaran na Rigel kwa Waarabu, na hawakuona haya hata kidogo. Sisi Zuhura, Mirihi na Zohali tulizipata kwa Waarabu hao hao, Kilimia tukaipa jina kutoka kwa kulima kwa sababu ilitusaidia kujua majira. Tanzania watoto wa shule za msingi za serikali wanasoma sayansi kwa Kiswahili, na TUKI walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Maneno yapo. Yamelala kwenye kabati, na ufunguo tunao sisi ambao kazi yetu ni kuandika.

Na tunaandika nini? Nimepitia kazi zangu mwenyewe kabla ya kuwarushia mawe. Mapenzi yaliyovunjika Nairobi. Kejeli kwa wanasiasa. Insha tatu kuhusu umuhimu wa Kiswahili, Mungu anisamehe, zilizoandikwa kwa Kiswahili kuhusu Kiswahili, kama mtu anayekula sahani. Hakuna hata aya moja kuhusu kwa nini heroe ni waridi, au kakakuona anakula nini, au Uhuru iliona nini pale Malindi. Tunalia kwamba vijana wanakimbilia Kiingereza. Wanakimbilia mahali kuna chakula. Mimi nilikimbilia huko nikiwa na miaka kumi na ningekimbilia tena leo.

Mamake alinilipa deni lote la mwezi na hakuniita tena. Mtoto sasa yuko na mwalimu mwingine, nasikia misemo yake imenyooka. Lakini hunitumia maswali kwa simu ya mamake, usiku, na huyafuta baadaye. Tumewekeana sharti: akiuliza kwa Kiingereza namjibu kwa Kiswahili, akiuliza kwa Kiswahili namjibu kwa Kiingereza. Jibu moja lilinichukua siku mbili, la kwa nini Zuhura ni moto kuliko Utaridi ilhali Utaridi ndiyo iko karibu na jua. Ilibidi nimweleze hewa nzito inayofunika kama blanketi bila kutegemea neno hata moja la kuazima, kwa sababu alisema anataka kumsomea shosho kwa simu. Shosho alirudisha ujumbe wa sauti. Anauliza kama sisi nasi tunafunikwa hivyo.

La wiki hii bado sijalijibu. Anataka kujua kama fisi wa Kilimambogo, kama bado wako, huwinda au hungoja, na nani alienda usiku kuhakikisha. Nauli ya kwenda huko ninayo. Tochi naazima kwa jirani.